Aliyekupigia alijuaje jina la mtoto wako na shule yake?

Swali: Wiki iliyopita nilipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa mwalimu wa zamu. Alitaja jina la mwanangu wa darasa la 3, akataja shule, na mimi akaniita kwa majina yangu yote matatu. Akasema mtoto ameanguka, yuko hospitali, nitume 85,000 haraka za kipimo. Nilishaanza kuingiza namba, kisha nikasita nikampigia mwalimu wake wa darasa, naye akaniambia mtoto yuko mbele yake anaandika. Tangu siku hiyo sina amani. Wamepata wapi taarifa zetu? Nyumbani tuna simu nne, moja ni ya binti yangu wa miaka 14. Shemeji anayeishi nasi aliwahi kukopa mtandaoni, na alipochelewa kulipa hata mimi nilitumiwa meseji za vitisho. Nifute picha zote za watoto? Nianzie wapi? (Mama wa watatu, Nkuhungu, Dodoma)

Jibu: Pole sana, dada. Kumpigia mwalimu kwa namba uliyokuwa nayo mwenyewe kabla hujatuma ndiko kulikokuokoa, na jambo hilo nitalirudia chini kwa sababu nataka liwe sheria ya nyumba nzima.

Wengi wakipata simu ya namna hii hudhani simu yao imeingiliwa, wanakimbilia kununua nyingine au kupakua programu za kuua virusi. Kwa uliyoyaeleza sioni dalili ya hilo. Tapeli wa "mtoto ameanguka" anahitaji namba yako, jina la mtoto na jina la shule, basi. Namba za wazazi zote zimo kwenye grupu la WhatsApp la darasa, na yeyote aliyemo anaziona. Jina la mtoto tunaliandika wenyewe humo humo: "Mwalimu, fulani wa 3B leo hatafika, ana homa." Jina la shule ndilo jina la grupu. Majina yako matatu aliyapata bila kumuuliza mtu: unaingia kwenye huduma ya pesa kwa simu, unaandika namba kana kwamba unatuma 1,000, mtandao unakuonyesha jina lililosajiliwa ili uhakiki, unalisoma, unaghairi. Hukatwi hata shilingi. Utaratibu huo unatusaidia sana tusitume pesa kwa mtu asiyehusika, kwa hiyo usitegemee uondolewe. Ila ujue kwamba kila unapoacha namba yako ya simu umeacha na majina yako kamili.

Ndiyo maana naanzia kwenye grupu kabla ya kitu kingine chochote. Magrupu ya wazazi hayasafishwi. Wamo wazazi ambao watoto wao walihama miaka miwili iliyopita. Zimo laini zilizoachwa na wenyewe. Laini ikikaa miezi bila kutumika, mtandao unaweza kuiuza kwa mtu mwingine. Na mara nyingi watu waliingia kwa kiungo kilichotumwa huku na huko, hakuna aliyehakiki nani ni nani. Mwombe admini afanye haya, yote hayazidi nusu saa: abadilishe kiungo cha mwaliko ili kile cha zamani kife, awashe sharti la admini kuidhinisha kila anayeingia, kisha apitie orodha na daftari la darasa mkononi, asiyejulikana ni mzazi wa nani atolewe. Unaweza kumtumia maneno haya pembeni, si ndani ya grupu: "Mwalimu, shikamoo. Kuna matapeli wanaopiga simu kwa wazazi wakitaja majina ya watoto wetu. Naomba tuhakiki waliomo kwenye grupu na tubadilishe kiungo. Pia naomba taarifa za mtoto mmoja mmoja, ugonjwa, ada na matokeo, tuwe tunakutumia wewe mwenyewe."

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito zaidi. Orodha ya wanaodaiwa ada ikibandikwa kwenye grupu la watu 90, tapeli amepewa majina ya watoto, madarasa, na amejua mzazi yupi anahangaika na pesa mwezi huu. Shule ikiwa tayari kwenda mbele kidogo, WhatsApp ina kitu kinaitwa Jumuiya. Katika kikundi cha matangazo cha Jumuiya, wazazi wa kawaida hawaoni namba za wenzao. Maadmini ndio wanaoziona, pamoja na yule ambaye tayari ameihifadhi namba yako. Matangazo ya mkutano, likizo na usafiri yakae huko. Grupu la porojo, atakayelitaka ajiunge kwa hiari yake.

Sasa shika simu yako. Ingia WhatsApp, Mipangilio, kisha Faragha. Picha ya wasifu iwe kwa waasiliani wako tu, maana nadhani picha hiyo ina watoto, na kwa sasa kila aliyemo kwenye kila grupu anaiona. Wanaoweza kukuingiza kwenye magrupu wawe pia waasiliani wako tu. Halafu rudi kwenye Akaunti uwashe uthibitishaji wa hatua mbili: utaweka namba ya siri ya tarakimu 6 na anwani ya barua pepe ya kuikumbushia. Namba hiyo inakulinda na yule anayekuandikia "samahani, nimekosea, namba ya uthibitisho imekuja kwako, nitumie". Ukimtumia, WhatsApp yako inahamia kwake na dakika chache baadaye ndugu zako wote wanaombwa pesa kwa jina lako. Ikishatokea, usihangaike kumbembeleza. Sajili upya WhatsApp kwa namba yako, pokea tarakimu 6 za SMS, ziingize. Hapo hapo yeye anatolewa, hata kama aliwahi kuweka namba yake ya siri na wewe ukalazimika kusubiri siku 7 ili uingie. Mipangilio hii ya faragha na ya hatua mbili iweke kwenye simu zote nne, usiache ya mtu yeyote.

Sheria ya nyumba nayo iwe hii: hakuna pesa inayotumwa kwa habari ya simu iliyoingia. Mkate simu, mpige ninyi, kwa namba iliyohifadhiwa. Kwa hiyo leo hii hifadhini kwenye simu zote namba ya mwalimu wa darasa, ya mwalimu mkuu na ya dereva wa gari la shule. Tapeli hujua mtakata, ndiyo maana hulia, huita "daktari" aongee, husema salio linaisha. Aachwe alie. Zaidi ya hapo wekeni swali moja la nyumbani ambalo jibu lake halijawahi kuandikwa popote, kwa mfano kuku yupi aliliwa na paka, na mtu yeyote anayedai yuko na mtoto aulizwe. Bibi yao kama yuko kijijini, Kongwa au Mpwapwa au popote, afundishwe kwa sauti, si kwa meseji, tena zaidi ya mara moja. Dada wa kazi naye asisahauliwe, maana huyo ndiye hupigiwa aelekeze nyumba ilipo.

Kama pesa imeshatoka, piga 100 ya mtandao wako dakika ile ile uombe muamala uzuiwe kabla haujatolewa kwa wakala. Meseji ya utapeli na namba iliyoituma vipelekwe 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ya kupokea taarifa hizo; ni bure.

Picha. Hapana, usifute zote. Picha ya mtoto anakula ubuyu barazani haimpi mtu kitu. Inayomsaidia tapeli ni ile inayounganisha sura ya mtoto na jina, shule, tarehe au mahali. Nembo kwenye sweta. Jina lililodariziwa kwenye begi. Kibao cha shule nyuma yake siku ya mahafali. Keki yenye jina na umri, imebandikwa siku ile ile, kwa hiyo tarehe ya kuzaliwa imetoka nzima. Kadi ya kliniki ya mtoto mchanga. Na ripoti ya shule, ambayo wazazi huiweka kwenye stetasi kwa furaha mtoto anaposhika nafasi ya 2: jina kamili, darasa, shule na saini ya mwalimu mkuu, zote ndani ya picha moja. Mpongeze mtoto kwa maneno, au ipige picha safu ya maksi peke yake.

Kwenye stetasi ya WhatsApp gusa faragha ya stetasi uchague "Shiriki tu na", kisha weka ndugu 20 au 30 unaowajua. Wengi wetu tuna namba 600 kwenye simu, na humo yumo fundi bomba, dalali wa viwanja na bodaboda wa mwaka juzi. Facebook ina sehemu kwenye mipangilio ya faragha ya kubana machapisho ya zamani. Unaigusa mara moja na yote yaliyokuwa wazi kwa umma yanabaki kwa marafiki tu. Picha ya jalada ya sasa haibaniki, hiyo huonwa na kila mtu, kwa hiyo isiwe ya watoto. Ukimaliza, andika namba yako ya simu kwenye Google ndani ya alama za kunukuu, mara moja kwa 0 na mara ya pili kwa +255, uone imebandikwa wapi. Mara nyingi ni tangazo la chumba ulilosahau, au orodha ya michango ya harusi iliyopigwa picha.

Kuhusu mahali: simu nyingi huandika ndani ya picha kipimo cha GPS cha mahali ilipopigwa. WhatsApp ikiituma kama picha ya kawaida huibana na kukiondoa. Lakini ukiituma kama hati ili isipoteze ubora, kipimo kinakwenda nayo. Zima lebo za mahali kwenye mipangilio ya kamera, na picha zote zijazo hazitakuwa nacho.

Hukuuliza habari za makaratasi, nami nayaleta kwa sababu huko nako taarifa za familia za hapa Dodoma huvuja. Msimu wa maombi ya vyuo, mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa RITA, maombi ya kazi Ajira Portal, foleni hujaa kwenye steshenari kuanzia mjini kati hadi karibu na malango ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Angalia kinachotokea: unamtumia mhudumu kwa WhatsApp picha ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na cha baba. Anafungua WhatsApp kwenye kompyuta, anayapakua mafaili, yanaingia kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Anachapa, unalipa 500, unaondoka, mafaili yanabaki na ya watu wengine mamia. Ukirudi ukafuta meseji "kwa wote", WhatsApp inakuruhusu kwa takribani siku mbili tu, na hata hivyo faili lililokwisha kupakuliwa kwenye kompyuta halifutiki. Kompyuta hiyo hutumiwa na wahudumu wanaobadilishana, na flashi za kila mteja huingia humo.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Aliyepata namba yako ana tarehe yako ya kuzaliwa bila kupekua kokote, na hapo ndipo namba ya siri ya pesa iliyo mwaka wa kuzaliwa inapokuwa mlango wazi. Kama yako, ya mume au ya binti ni mwaka wa kuzaliwa wa yeyote ndani ya nyumba, badilisheni leo.

Basi steshenari nenda hivi. Beba flashi yenye faili hilo moja tu, au jitumie mwenyewe kwa barua pepe, uifungue pale na utoke kwenye akaunti mbele ya macho yako. Ukiwa umelazimika kutumia WhatsApp ya mhudumu, simama pembeni yake, mwombe kwa adabu afute faili kwenye folda na kisha kwenye pipa la taka la kompyuta. Hakuna mhudumu mwema atakayekasirika. Nakala ya kitambulisho unayompa mtu, iandikie kwa kalamu katikati, ikipita juu ya maandishi bila kufunika sura: "Kwa maombi ya shule tu", na tarehe. Nakala zilizochapwa vibaya ondoka nazo, maana karatasi za ofisi na steshenari huuzwa kwa uzito na kuishia kufungia karanga. Akaunti za maombi za binti yako atakapofika kidato cha nne mzifungue nyumbani kwa simu, kwa barua pepe yake. Vijana wengi hufunguliwa barua pepe na mhudumu, nywila anaiandika kwenye daftari lake, na miaka miwili baadaye kijana hawezi kuingia kwenye akaunti ya mkopo wake mwenyewe wakati mtu mwingine anaweza.

Shemeji sasa. Zile meseji ulizotumiwa zilitoka kwenye kitabu cha namba cha simu yake. Programu ya mkopo iliomba ruhusa ya kusoma waasiliani, akagusa "ruhusu", na orodha yote ikanakiliwa kwenye kompyuta za wakopeshaji kabla hajapata hata senti. Kuifuta programu hakurudishi orodha hiyo, ingawa kunazuia majina mapya yasiende. Kwa hiyo aingie Mipangilio, Faragha, kidhibiti cha ruhusa, aondoe ruhusa za waasiliani, SMS na mafaili, ndipo aifute. Tangu tarehe 31 Mei 2023 Google imekataza programu za mikopo binafsi zilizo Play Store kusoma waasiliani na picha. Hivyo programu ya mkopo inayodai waasiliani leo, au inayokuja kwa kiungo cha SMS nje ya Play Store, ni ya kuogopwa moja kwa moja. Benki Kuu ya Tanzania mwezi Novemba 2024 ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni; kabla ya kukopa tena aulize Benki Kuu kama mkopeshaji ana leseni. Wewe binafsi usijibu vitisho wala kulipa deni lisilo lako. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba na tarehe, kisha zuia namba hiyo.

Picha hizo zina pa kwenda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko ya mtu ambaye taarifa zake zimetumika bila ridhaa. Sheria hiyo hiyo inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi. Shule inayotaka kuweka picha ya mwanao kwenye ukurasa wake wa Facebook inapaswa kukuuliza, na unaweza kukataa bila kugombana na mtu: barua ya mistari mitatu kwa mwalimu mkuu, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Laini zenyewe zihakikiwe pia. Piga *106# uchague kuangalia namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, uingize namba ya NIDA. Ukiona usiyoijua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho ukaikane. Hutokea sana kwa waliosajili kwa mawakala wa barabarani: "kidole hakijasoma, mama, weka tena", na kidole cha pili kimesajili laini ya pili. Kisha piga *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa kwenye namba nyingine. Ukikuta namba ngeni, ##002# inafuta maelekezo yote. Mtu yeyote akikuambia upige kitu kinachoanza na *21* kikifuatiwa na namba ya simu, usipige, simu zako zitakwenda kwake.

Nimemwacha binti mwisho kwa sababu kwake mipangilio ni kazi ndogo kuliko mazungumzo. Kaa naye, simu iwe mkononi mwake, usiinyang'anye. TikTok huruhusu kuanzia miaka 13, na kwa aliye chini ya 16 akaunti huwa ya faragha na meseji za moja kwa moja hufungwa. Ulinzi huo hufanya kazi tu kama aliandika umri wa kweli, na wengi huongeza miaka ili wafunguliwe kila kitu. Mwulize bila ukali aliandika mwaka gani. Kama alidanganya, afungue akaunti mpya kwa mwaka wa kweli, na wafuasi wapya wawe watu anaowajua kwa sura. Jina la akaunti lisiwe na jina la ukoo wala mwaka wa kuzaliwa, na sare ya shule isionekane. Kwa wadogo zake, Google Family Link ni bure na inakuwezesha kuidhinisha kila programu kabla haijaingia kwenye simu.

Halafu mwambie jambo hili wakati kila kitu ni shwari, kwa sababu likishatokea atakuwa anakuogopa: mtu akimtisha kwa picha, iwe ya kweli au ya kutengenezwa, aje kwako usiku ule ule na hatapigwa wala kunyang'anywa simu. Umwahidi na utimize. Mtishaji huishi kwa siri, na mtoto anayejua atapigwa nyumbani hulipa kimya kimya, akilipa anadaiwa zaidi. Msilipe. Msifute mazungumzo, maana ndiyo ushahidi. Pigeni picha za skrini za vitisho, jina la akaunti na namba, ila picha yenyewe ya mtoto msimtumie mtu yeyote, hata ndugu, hata kwa nia ya kuomba ushauri. Huduma ya Take It Down ya NCMEC, shirika la Marekani la kulinda watoto, hutengeneza alama ya picha ndani ya simu yako, picha haitoki, na mitandao inayoshirikiana nayo huitumia alama hiyo kuitambua picha na kuiondoa. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi. Na hata kabla ya hapo, namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure saa 24, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe. Ihifadhi kwenye simu yake kwa jina atakalolichagua yeye.